Kwa Ninyi Mnaoanza Kazi Katika Kituo cha Uhifadhi wa Sanaa

Wageni wa kazi hii wakiingia kituoni, swali lao la kwanza huwa moja: lini tutaruhusiwa kugusa mchoro? Hamu hiyo ni njema, wala sitaki mtu aizime. Mtagusa. Ila kabla ya hapo mtatazama sana na kuandika sana, na baadaye mtatoka mezani mkakae na watu wenye vitu vyao. Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kuona kwamba mwenye mkono mwepesi asiyejua kuzungumza na wenye vitu huishia kuokoa vichache, huku vingi vikiharibika majumbani kwa mambo ambayo maelezo ya dakika tano yangeyazuia.

Kitu kikifika, kipige picha mbele, nyuma na pembeni kabla ya lolote. Nyuma ya turubai, yaani kitambaa kilichochorwa, kuna habari nyingi ambazo mbele hazipo: lebo, mihuri, mwandiko wa mkono, viraka vya matengenezo ya zamani. Kisha zima taa za chumba, uweke taa moja ubavuni ili mwanga upite sambamba na uso wa mchoro. Magamba ya rangi yaliyoanza kuinuka yatatupa vivuli, na utaona mahali pa hatari ambapo saa moja kabla uliona uso laini. Ukiwasha taa ya urujuanimno, vanishi ya zamani ya utomvu hung'aa kijani-njano, na rangi zilizoongezwa juu yake baadaye mara nyingi hujitokeza kama madoa meusi. Taa moja isikupe uamuzi. Linganisha zote.

Halafu andika. "Umeharibika kidogo" si ripoti. "Kona ya juu kushoto, sm 4 kutoka ukingoni, rangi imebanduka eneo la sm 2 kwa 1, kingo zake bado zimelegea": hiyo ndiyo ripoti. Atakayeisoma huenda ni mtu ambaye leo hajazaliwa, naye atataka kujua kama ule upungufu umeongezeka au umetulia. Hatakuwa na wa kumuuliza.

Kuhusu kusafisha nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo haraka hufanya madhara yasiyorudi nyuma. Wengi hushangaa kusikia kwamba mate ya binadamu ni dawa ya kweli katika fani hii. Yana kimeng'enya cha amilesi, yana uvuguvugu wa mwili, na huondoa uchafu wa vumbi na moshi bila ukali wa kemikali. Unasokota pamba kidogo kwenye kijiti, unailowesha, unaibiringisha juu ya uso. Unaibiringisha, husugui. Anza ukingoni, mahali padogo pasipoonekana sana, kisha uitazame pamba yenyewe: ikitoka na rangi ya kijivu au hudhurungi, huo ni uchafu. Ikitoka na dalili yoyote ya bluu, nyekundu au kijani, acha papo hapo na umwite msimamizi, maana unachokiondoa sasa ni mchoro wenyewe. Pamba iliyokwisha kugusa mchoro hairudi mdomoni kamwe. Rangi nyeupe za zamani zina risasi, baadhi ya nyekundu zina zebaki, baadhi ya kijani zina aseniki. Na mkipokea vinyago, manyoya au ngozi kutoka mikusanyo ya zamani ya makumbusho, vaeni glavu hata kama vinaonekana safi: miaka mingi vitu hivyo vilipakwa aseniki au DDT kuzuia wadudu, na sumu hiyo bado ipo.

Kanuni nyingine ni kwamba unachoongeza kiweze kuondolewa na atakayekuja baada yako. Ndiyo maana meza zetu hazikosi gundi ya Paraloid B-72, ambayo huyeyuka tena kwa asetoni hata baada ya miaka, na wanga wa ngano pamoja na karatasi nyembamba ya Kijapani kwa ajili ya vitabu na nyaraka, kwani maji tu huulegeza wanga huo. Rangi ya kujazia hukaa ndani ya pengo, haivuki hata nywele moja kwenda kwenye rangi ya msanii. Mafuriko ya mji wa Florence, Italia, ya tarehe 4 Novemba 1966 yaliubandua Msalaba wa Cimabue, msalaba wa mbao uliochorwa na msanii huyo wa karne ya 13, zaidi ya nusu ya rangi yake. Waliourudisha hawakujitungia sehemu zilizopotea. Walijaza mapengo kwa mistari myembamba ya rangi, ambayo ukiwa mbali hutulia machoni, na ukisogea karibu inakuonyesha wazi kipi ni cha msanii na kipi ni cha mhifadhi. Mimi naona huo ni uungwana wa hali ya juu kabisa.

Mafuriko hayo hayo yana funzo jingine ambalo vijana hawaambiwi vya kutosha. Vitabu vya Maktaba Kuu ya Taifa mjini humo havikuokolewa na wataalamu peke yao. Vijana kutoka nchi mbalimbali walijipanga mistari ndani ya tope, wakipokezana kitabu kimoja kimoja hadi nje. Waitaliano waliwaita malaika wa matope. Uhifadhi wa kisasa una deni kubwa kwa watu hao, ambao wengi wao hawakuwahi kushika brashi ya kazi hii.

Mnajua pia habari ya Borja, Hispania, mwaka 2012, ambako mama mmoja mzee, muumini wa kanisa, alijaribu kuutengeneza mchoro wa Kristo ukutani, na dunia nzima ikamcheka. Naomba ninyi msicheke. Yule mama aliona uso anaoupenda ukibanduka ukutani, akafanya alichojua. Kila mara mtu anapobandika selotepu kwenye barua ya marehemu baba yake au kupaka mafuta ya kupikia kwenye fremu ya mbao, moyoni mwake kuna upendo ule ule. Kazi ya kituo ni kumfikia mapema.

Kwa hiyo siku za wazi, watu wanapoleta vitu vyao, zichukulieni kwa uzito sawa na kazi ya mezani. Wataleta picha, barua, vitabu vya dini, nguo za kurithi, medali. Wengi watauliza bei. Hatutaji bei, na mwambie hivyo kwa upole na kwa sababu: anayekishughulikia kitu akianza pia kukipangia thamani, ushauri wake unapoteza uaminifu. Halafu, kabla hujamweleza kilichoharibika, muulize anataka kifanyiwe nini. Niliwahi kukaa na mwanafunzi mmoja mbele ya mzee aliyeleta kitabu cha sala. Kona za chini za kurasa zilikuwa zimekolea mafuta ya vidole. Mwanafunzi alianza kueleza, kwa usahihi kabisa, jinsi doa lile linavyoweza kupunguzwa. Mzee akamwachia amalize, kisha akaweka kidole gumba chake juu ya doa na kusema, "Hapa ndipo mama alikuwa akishika." Tukashona mgongo wa kitabu, tukaimarisha karatasi mbili zilizochanika, doa tukaliacha lilivyo na kuandika sababu kwenye ripoti.

Tatizo mtakalokutana nalo mara nyingi kuliko yote ni picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu. Unyevu umeingia, uso wa picha umelainika, umekauka ukiwa umeshikana na kioo. Mwenye nayo atakuwa tayari ameanza kuivuta kona moja. Mzuie. Ukiivuta, sura hubaki kwenye kioo na mkononi unabaki na karatasi. Jambo la kwanza ni kuipiga picha vizuri ikiwa bado ndani ya kioo, ili sura isipotee lolote litakalotokea. Baada ya hapo ndipo mzungumze kama inafaa kujaribu kuitenganisha. Mara nyingi jibu zuri ni kuiacha na kioo chake.

Ushauri mnaotoa uwe ule ambao mtu anaweza kuufuata akirudi nyumbani leo. Kumwambia anunue sanduku maalumu lisilo na asidi wakati hana uwezo nalo ni kumfukuza kwa adabu. Mwambie aihamishe picha kutoka ukuta unaopigwa na jua, kwa sababu madhara ya mwanga hujilimbikiza na hayafutiki. Makumbusho mengi hushikilia karibu luksi 50 tu (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa karatasi na nguo. Mwambie avinyanyue vitu kutoka sakafuni, aepuke mifuko ya plastiki aina ya PVC, na badala yake atumie kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa na kusuuzwa vizuri. Vitu vikilowa, ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 48, hivyo asisubiri: picha zitenganishwe zikiwa bado mbichi, zilazwe uso juu. Kitabu kilicholowa kabisa kifungwe kwenye mfuko na kuwekwa kwenye friza hadi apate msaada. Friza inaua pia wadudu wa nguo na vitabu, kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kitu kikiwa kimefungwa vizuri ndani ya plastiki. Msisahau kuongeza kwamba michoro ya rangi haiingizwi humo.

Kwa watoto wa shule msihutubie. Wapeni kioo cha kukuza na kigae kilichochafuka, pamba na maji, waone wenyewe pamba ikibadilika rangi. Maswali yao huwa makali kuliko ya wakubwa.

Na mnaporudisha kitu kwa mwenyewe, kaeni naye chini. Mwonyesheni picha za kabla na baada, mweleze mlichokifanya na mlichokiacha, mwandikieni kwenye karatasi moja, kwa maneno ya kawaida, namna ya kukitunza. Maswali atakayouliza yaingizeni kwenye daftari la kituo, pamoja na mahali anapotoka. Daftari hilo lisomwe kila mwezi. Watu watatu wa eneo moja wakileta karatasi zenye ukungu ndani ya wiki chache, msiwasubiri wa nne na wa tano: pakieni pamba, brashi na glavu, mkafanye somo huko huko.