Jibu: Binti yangu wa form three usiku halali na mgongo unamuuma, je yoga itamsaidia?

Dada uliyeuliza kuhusu binti yako, kwamba usiku halali, mgongo unamuuma na mtihani ukikaribia kifua kinambana, ngoja nikwambie nilichokiona kwa mdogo wangu niliyekaa naye hapa Dar mpaka akamaliza form four.

Itamsaidia, ila achana na zile picha za Instagram mtu kasimama kwa kichwa, anza na pumzi. Mdogo wangu alikuwa anashtuka usiku moyo unamwenda mbio, basi tukawa tunalala chali sakafuni, miguu tumeiegemeza ukutani, mkono tumboni, anavuta hewa kwa pua namhesabia mpaka nne halafu anaitoa taratibu mpaka sita. Tumbo ndo linyanyuke, sio mabega. Na kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana ukitoa hewa polepole mapigo ya moyo nayo yanapungua kasi na mwili unatulia. Mwanzoni sita ilikuwa inambana, tukashusha tatu kwa nne ikakaa sawa, kwahiyo usikomae na namba.

Kwa mgongo, hawa watoto wanashinda dawatini wakirudi wanainamia simu. Apige magoti aweke viganja chini, akivuta hewa abonyeze mgongo kuelekea chini, akitoa aupandishe juu kama paka anavyojinyoosha, taratibu, mara kadhaa. Asisukumwe mgongo wala kuvutwa miguu ili afike mbali, anaweza kuumia, kiungo kikiuma anaacha. Maumivu yakiendelea aonwe na daktari. Mkeka wa ukindu kwenye tailizi unateleza, bora zulia.

Kuhusu dini, yoga imetoka India na ina mizizi ya kiimani, hilo kweli. Sisi hatukuimba chochote, tulichukua pumzi na kunyoosha viungo basi. Kama nyumbani mnakwazika, fanyeni hivyo hivyo.

Sasa kitu ambacho kwangu ni kikubwa kuliko yote, fanya NAYE, usimtume chumbani akafanye peke yake kama kazi ya shule. Mkilala pale miguu ukutani wote mnaangalia dari, hamtazamani usoni, na mtoto wa umri huo anaongea vitu ambavyo mezani hawezi kuvisema. Mdogo wangu ndo akanieleza kuna wenzake darasani walikuwa wanamcheka meno kila akisimama kujibu swali, muda wote huo sisi tunajua ni presha ya masomo tu. Nilisikiliza, sikumkatisha, kesho yake nikaenda kuongea na mwalimu wake wa darasa.

Wa Nairobi mnaosoma hapa, kuna Africa Yoga Project ipo toka 2007, inafundisha vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu wa yoga, ulizieni.

Ila dada, Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 mpaka 19 ana tatizo la afya ya akili, na sio yote yanaisha kwa kunyoosha viungo. Binti akianza kusema bora afe, akajikata, akaacha kula au kujitenga na kila mtu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili na hospitali za mikoa zinatoa rufaa. Usimwache peke yake mkisubiri usafiri, na mazoezi ya pumzi mtaendelea nayo daktari akishamwona.