Mnaoanza kazi ya eksirei, vijueni vifaa vyenu vya kupimia mionzi

Wadogo zangu mnaomaliza chuo na kuja kuanza kazi vyumba vya eksirei huku Moshi na Arusha, leo naongea na nyie kuhusu vifaa vya kupima mionzi, manake vinazidi kuwa vizuri ila namna tunavyovitumia bado, na hili linaniuma kweli.

Tuanze na beji. Ile TLD unayopewa, yani beji ya kuvaa inayopima mionzi uliyopata kazini, ndani ina vidonge vidogo vya kristali, mionzi ikipita vinatunza nishati, alafu vikifika maabara vinapashwa moto vinatoa mwanga, ule mwanga ukipimwa ndo doza yako, yani kiasi cha mionzi ulichopata, inajulikana. Sasa kama joto ndo linaitoa hiyo nishati, wewe unaiacha beji kwenye dashibodi juani kutwa nzima, si inapungua kabla hata haijafika Njiro, Arusha, kwa watu wa Tume ya Nguvu za Atomu? Wengine wanaibana kwenye aproni ya ledi, ile ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, alafu aproni inatundikwa humohumo ndani, mtu yuko nyumbani anakula machalari huku beji yake inaendelea kula mionzi ya mgonjwa wa zamu ya usiku, majibu yakija juu watu wanaanza kuulizana. Vaa kifuani chini ya aproni, ukitoka iache nje ya chumba cha mionzi pale ilipo beji ya kontro.

Na hiyo ya kontro jamani muiheshimu. Haivaliwi na mtu, kazi yake ni kudaka mionzi ya asili ile ya ardhini na angani, ikiwa kabatini na ikiwa njiani, ili itolewe kwenye hesabu zenu. Bahasha ya beji ikienda Arusha bila yenyewe hesabu ya wote inayumba.

Kikomo chetu cha doza ni wastani wa milisiveti (kizio cha kupimia doza) 20 kwa mwaka kwa hesabu ya miaka 5, na mwaka mmoja usivuke 50. Ila mnaosaidia madaktari chumba cha upasuaji na mashine ya C-arm, ile ya eksirei yenye mkono wa umbo la C, sikilizeni vizuri: mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ilishusha kikomo cha lenzi ya jicho kutoka 150 mpaka 20, na beji iliyojificha chini ya ledi haiwezi kukwambia jicho limepata ngapi. Ombeni beji ya pili ya kuvaa shingoni juu ya aproni. Siku hizi kuna dosimita, yani vipima doza, za silikoni zinaonyesha doza hapohapo kwenye skrini, kijani, njano, nyekundu, ukirudi nyuma hatua moja unaona mstari unashuka, na kwa maoni yangu hakuna semina inayofundisha umbali kama hiyo skrini, kituo chenu kikipata nafasi ya kununua msiiache.

Kingine ni hizi gaiga ndogo, vile vipima mionzi vinavyolia vikikutana na mionzi, za bei rahisi za mtandaoni. Mtu anaishika nje ya mlango wa eksirei, haijalia, anasema ukuta uko salama. Hapana! Picha moja ya kifua inaisha ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, kifaa hakijawahi hata kushtuka, na mionzi ikiwa mikali sana gaiga inaweza kuzidiwa ikasoma kidogo au ikanyamaza kabisa. Kukagua chumba kunataka mita inayofaa kwa eksirei, na hata hiyo kabla hujaiamini angalia stika ya kalibresheni, yani ya kuhakiki kama inasoma sawasawa, imeisha lini. Maabara ya kalibresheni ipo hapo hapo Arusha, kwaiyo umbali sio sababu.

Alafu kuna mashine za dijitali, na hapa ndo nina wasiwasi kuliko kote. Zamani filamu ukizidisha doza inatoka nyeusi tii, kila mtu anaona. Sasa hivi ukizidisha picha inatoka safi tena nzuri zaidi, hakuna anayelalamika, na taratibu idara nzima inajikuta inapiga doza kubwa bila kujua, na wanaoibeba ni wagonjwa, wakiwemo watoto wadogo. Pembeni ya picha kuna namba inaitwa DI, inaonyesha umepishana kiasi gani na doza iliyotakiwa, watu hawaiangalii. Sifuri maana yake uko sawa na kiwango mlichojiwekea, ikisoma 3 umepiga mara mbili yake. Iangalieni kila picha, na mkiona siku nzima iko juu nendeni kwa msimamizi mkarekebishe chati ya vipimo mnavyoweka kwenye mashine.

Dada zangu, ukijua una mimba toa taarifa kwa maandishi mapema, kwa sababu kuanzia hapo mtoto anahesabiwa kama raia wa kawaida, milisiveti 1 kwa muda wote uliobaki. Na siku mtu anahama kituo aombe rekodi yake ya doza aende nayo, kule anakoenda waendelee kuhesabia pale alipoishia.