Kuchangia msimbo katika OpenMRS: mfikirie atakayeutunza

Vijana wanaoandika programu huniuliza mara kwa mara wajifunze lugha gani ya kompyuta kabla ya kuthubutu kuchangia mradi wa programu huria. Mimi naona lugha ya kompyuta si kikwazo kikubwa. Mtu anayeijua Java kwa kiwango cha kawaida ana ujuzi wa kutosha kuanzia katika OpenMRS, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa ambao nimekuwa nikiuchangia, na ambao nimewasaidia wengine kuuchangia. Kinachowakwamisha wengi ni kwamba wanauchukulia msimbo wao, yaani maandishi ya programu, kama zawadi, ilhali kwa yule anayeupokea ni jukumu jipya: atalazimika kuusoma, kuurekebisha na kuujibia maswali kwa miaka mingi, pengine hata baada ya aliyeuandika kuhamia kazi nyingine kabisa. Mchangiaji anayelifahamu hilo huandika kwa namna tofauti tangu mwanzo.

Chagua mradi ambao umewahi kuuona ukifanya kazi. Mimi niliichagua OpenMRS kwa sababu historia yake imeanzia karibu nasi. Ilibuniwa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, na shirika la Partners In Health, wakati AMPATH, mpango wa matibabu wa Eldoret nchini Kenya, ulipokuwa na wagonjwa wengi wa UKIMWI kuliko mfumo wake wa awali ulivyoweza kuhimili. Ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na mwaka huohuo ikafika Rwinkwavu nchini Rwanda. KenyaEMR na UgandaEMR, mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa inayotumika leo katika vituo vya afya vya Kenya na Uganda, imejengwa juu yake. Kwa hiyo kijana wa Kakamega au Mbale anaweza kumuuliza karani wa kliniki ni ukurasa gani unaomchelewesha asubuhi foleni inapokuwa ndefu, na akapata kazi ya maana kuliko ambayo angeipata kwa kupekua orodha ya hitilafu peke yake.

Kabla ya kubadilisha chochote, usome msimbo hadi uelewe kwa nini uko hivyo. Hapa sitaki kupita haraka, kwa maana ndipo michango mingi hukwama. Katika OpenMRS, rekodi ya mgonjwa haifutwi katika shughuli za kawaida, bali hubatilishwa: inabaki kwenye hifadhidata pamoja na alama inayoonyesha kuwa imebatilishwa, nani aliibatilisha, lini na kwa sababu gani. Muuguzi akisahihisha uzito aliouandika vibaya, thamani ya zamani hubatilishwa na mpya huandikwa kando, ili daktari atakayeuliza baadaye aweze kuona kilichoandikwa mwanzo. Mgeni asiyelijua hilo huandika ulizo la hifadhidata linalofanya kazi vizuri kabisa kwenye kompyuta yake, lakini likifika kwenye kliniki yenye kumbukumbu za miaka kumi huleta pia vipimo vilivyobatilishwa, na daktari anaonyeshwa uzito usio sahihi. Unapohakiki mchango unaogusa orodha za vipimo, hilo ndilo jambo la kwanza la kutazama.

Vivyo hivyo, mgeni huona ajabu kwamba jedwali la wagonjwa halina safu ya uzito wala ya shinikizo la damu, akapendekeza ziongezwe. Hazipo kwa makusudi. Kila swali la kitabibu limo katika kamusi ya dhana, na kila jibu ni mstari unaorejelea dhana hiyo, jambo linaloiwezesha hospitali kuongeza swali jipya bila kugusa muundo wa hifadhidata. Tena utaikuta sehemu inayosema kama tarehe ya kuzaliwa imekadiriwa. Anayewafahamu wazee wetu wanaosema walizaliwa mwaka wa njaa fulani hahitaji kuelezwa umuhimu wake, na ujuzi wa namna hiyo ni mchango ambao mwandishi programu aliye mbali hawezi kuutoa.

Kuhusu maandalizi, jihadhari na bando. Kupakua historia nzima ya mradi mkubwa hula data nyingi, na Maven, zana inayoujenga msimbo wa Java kuwa programu, nayo huvuta maktaba nyingi (msimbo wa wengine ambao mradi unautegemea) katika ujenzi wa kwanza. Git, zana inayotunza historia ya msimbo, inaruhusu kupakua toleo la mwisho tu bila historia yote, na Maven ikishazipata maktaba zake inaweza kuendeshwa bila mtandao. Fanya hatua ya kwanza mahali penye intaneti nzuri, kisha uendelee nyumbani.

Kazi yako ya kwanza iwe ndogo. Mradi huweka alama kwenye kazi zinazowafaa wanaoanza, nawe unapaswa kuichukua rasmi kazi iliyo tayari kufanyiwa kazi, ili watu wawili wasitatue jambo moja. Anza kwa kuandika jaribio, yaani msimbo mfupi unaokagua kama programu inafanya inavyotakiwa, linaloshindwa kwa sababu ya hitilafu hiyo, kisha andika msimbo unaolifanya lifaulu. Jaribio hilo ndilo litakalomlinda mtunzaji siku mtu mwingine atakapogusa mistari yako bila kujua iliwekwa kwa ajili gani. Kabla ya kutuma, tazama tofauti kati ya msimbo wa awali na wako mstari kwa mstari. Nimeona marekebisho ya mistari mitatu yakifika yamefunikwa na mamia ya mistari iliyobadilishwa nafasi tu, kwa sababu kihariri cha mwandishi kilipanga upya faili zima. Hakuna mhakiki anayeweza kuyaona marekebisho ya kweli humo, na akiurudisha mchango huo ana haki.

Katika maelezo ya ombi lako la kuunganisha msimbo wako na wa mradi, taja namba ya kazi, eleza tatizo lilivyokuwa, sababu yake, na njia uliyoipima ukaiacha. Wengi wetu tunaandika Kiingereza kama lugha ya tatu, na hilo halina ubaya: sentensi fupi zilizo wazi zinawasaidia wasomaji wote. Mhakiki akiuliza kwa nini umefanya hivi, mjibu swali lake, kwani mara nyingi anatafuta sababu atakayoihitaji mwakani. Usipokubaliana naye, mwonyeshe jaribio. Ikipita wiki moja bila jibu, kumbusha kwa adabu, na ikiwezekana ongeza jambo jipya, kwa mfano kwamba umeupima msimbo kwenye toleo la karibuni. Wahakiki wengi wana ajira nyingine na mradi wanauhudumia kwa saa za ziada.

Kama umeajiriwa, soma mkataba wako kwanza, maana baadhi ya waajiri humiliki kila unachokiandika. OpenMRS hutumia leseni ya umma ya Mozilla, toleo la 2.0, na msimbo unaoutuma unaingia chini ya masharti yake.

Mchango ukishaunganishwa, fuatilia toleo litakalotoka nao. Soma ripoti za hitilafu zinazogusa sehemu uliyoibadilisha, na iwapo kituo fulani kitasema ukurasa ule sasa unachelewa, uwe wa kwanza kujitolea kuchunguza, hata kama chanzo kitaonekana kuwa kwingine. Wachangiaji wanaofanya hivyo ndio hukabidhiwa, taratibu, kazi ya kuhakiki michango ya wengine.