ASBL, fondasyo au biashara ya kijamii? Jibu refu kutoka Goma

Ndugu uliyeanzisha uzi, unasema mko vijana kumi hapa mjini, mnataka kuwasaidia akina mama waliotolewa kambini, na mmekwama: mjiandikishe ASBL (chama kisichotafuta faida), mjiite fondasyo (wakfu), au mfungue kampuni ya kuuza kitu ili faida irudi kwa jamii? Halafu kuna jamaa hapo juu kakujibu kwamba yote matatu ni njia ya kula pesa za wazungu. Mimi nilitunza depo ya shirika moja la hapa kwa miaka kadhaa, na sasa nashika hesabu za karakana ya akina mama wanaotengeneza briketi za kupikia. Nitaandika ninachokijua, mnivumilie kwa urefu.

Nianzie depo. Mgao wa msaada unavyokwenda, wengi wenu mnaujua: orodha inatoka kwa chefu wa avenyu na nyumba kumi, jetoni zinagawiwa, foleni inaanza kabla ya jua. Kuna mwaka tuligawa majiko yale ya kupunguza makala, yaani mkaa. Majiko mazuri, sina neno. Jioni ile ile nikayakuta Soko la Virunga yamepangwa chini, nembo ya mfadhili bado inang'aa, yanauzwa bei ya kutupa. Kulikuwa na mama niliyemtambua kwenye foleni yetu. Nikamuuliza kwa nini anauza. Akasema, "Babula ninayo. Unga ndio sina." (Babula ndiyo jiko la makala.)

Ripoti iliyokwenda juu ilisema walengwa wameridhika. Na wala hakuna aliyedanganya! Fomu iliuliza, "Je, umefurahia msaada?" Sasa wewe ni mama mwenye watoto watano, anayekuuliza ndiye atakayeandika orodha ya mwezi ujao, utamjibu nini? Utamwambia aksanti sana, Mungu awabariki.

Kwenye briketi mambo ni mengine kabisa. Mama mmoja mwenye mgahawa kule Birere alituletea gunia letu likiwa nusu, akalibwaga mlangoni: "Moshi huu unawatoa wateja wangu machozi, nirudishieni pesa yangu." Akarudishiwa. Wiki ile ile akina mama wakabadili namna ya kuanika, maana msimu wa mvua briketi inakauka nje huku ndani bado mbichi, wakapunguza na udongo wa kushikilia vumbi la makala. Hatukuhitaji mtaalamu wa tathmini kutoka Kinshasa. Alitosha mtu mmoja mwenye uwezo wa kukataa.

Ndiyo maana ukiniuliza ASBL au kampuni, mimi nitakuuliza kwanza: nani atakuwa na nguvu ya kuwakatalia? Kwenye biashara ni mnunuzi. Kwenye msaada, anayeweza kukataa ni mfadhili tu, naye yuko mbali, anasoma ripoti. Nilikuwa naweza kukuonyesha karatasi ya kila kipande cha sabuni kilichotoka depo, na karatasi hizo zilikwenda Ulaya. Pale kambini hakuna hata mmoja aliyewahi kuona bajeti. Jamaa yetu anayesema "kula pesa" nadhani hapo ndipo panapomuuma, na sikatai.

Lakini asije mtu akasema basi kila kitu kiuzwe. Mashine ya briketi ilinunuliwa na fondasyo, bure, bila kudai irudishwe. Kwa mauzo peke yake wale akina mama wasingeipata hata kwa miaka mingi, na benki isingewakopesha kwa dhamana ya vitenge. Pesa isiyodai kurudi ina kazi yake, nayo ni kuanzisha kile ambacho mfanyabiashara anaogopa kukigusa. Tazameni umeme wa Virunga, ile hifadhi ya taifa ya wanyama. Mtambo wa Matebe kule Rutshuru ulizinduliwa Desemba 2015, una nguvu ya takriban megawati 13, na sehemu ya mtaji wake ilitoka kwa fondasyo ya Howard Buffett wa Marekani. Nani mwingine angeweka mamilioni ya dola kwenye eneo la vita? Leo watu wa Goma wanalipia umeme huo kama huduma yoyote, na hesabu ya hifadhi ni kwamba mapato yaisaidie hifadhi na majirani zake, na miti ipone msumeno wa makala. Watu wanalalamika bei, wanalalamika gharama ya kuunganishiwa. Walalamike! Mteja kazi yake ndiyo hiyo. Kwa jiko la bure hakuna aliyelalamika, tukalisikia sokoni.

Na kuna mambo ambayo hayatapata mteja hata dunia ipinduke. Panzi pale Bukavu, hospitali aliyoianzisha Dkt. Mukwege mwaka 1999 chini ya kanisa la CEPAC: mwanamke aliyebakwa anatibiwa, anapata mtu wa kumsikiliza, anapata mwanasheria, anasaidiwa kusimama tena kimaisha. Umuuzie bei gani? Kazi kama ile lazima mtu mwingine ailipie, na kabla ya Mukwege kupewa Nobeli mwaka 2018 ilikuwa imekwisha kulipiwa hivyo kwa karibu miaka 20. Kwa hiyo ninyi, kama mnachotaka kufanya ni kukaa na mama aliyepoteza kila kitu, msijidanganye kwamba mtauza kitu mpaka mjitegemee. Ombeni michango, semeni wazi kwamba ni michango.

Kuna aliyeuliza kama mashirika haya hayaifanyi serikali ilale. Inawezekana. Ila tusijifanye jambo hili limeletwa jana na magari meupe ya mashirika. Mobutu alizitwaa shule za makanisa mwaka 1974, na mwaka 1977 serikali ikakaa chini na makanisa, wakasaini mkataba wa kuwarudishia uendeshaji. Mpaka leo watoto wengi wa Kivu wanasoma shule za "conventionné", yaani za serikali zinazoendeshwa na makanisa. Kwetu mambo haya yamechanganyika zamani, na sidhani kama kuna anayeweza kuyatenganisha sasa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kumtegemea mtu mmoja. Mwanzoni mwa 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu Kongo, ilisimamisha pesa zake. Miezi ile ile Goma ikaingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zikafunga, uwanja wa ndege ukafunga, kambi zikavunjwa. Mashirika niliyoyajua yakatoa mabango ukutani ndani ya wiki chache. Karakana yetu haikufunga. Sisemi ilistawi: wanunuzi walipungua, pesa taslimu ilikuwa taabu tupu, na mara nyingine akina mama walibadilishana gunia la briketi na ndoo ya unga. Ila mtu alipika, kwa hiyo mtu alinunua.

Sasa makaratasi, kwa haraka. Sheria namba 004/2001 ya Julai 20, 2001 inasema ASBL haifanyi shughuli za viwanda wala biashara isipokuwa za pembeni, na haiwatafutii wanachama wake faida. Kwa hiyo mkitaka kuuza kila siku, ASBL itawabana. Usajili wake unapitia Wizara ya Sheria, na maoni ya wizara inayohusika na kazi yenu yanahitajika pia. Neno "fondasyo" liacheni kwanza. Maana yake ni mali iliyotengwa kwa ajili ya lengo fulani, na ninyi mali hamna (msikasirike, hata sisi hatuna). Mabango mengi ya Fondation mnayoyaona barabarani, ukifungua mlango utakuta ASBL na picha ya mheshimiwa.

Kwa kuuza, ipo njia ya koperative (ushirika), ambayo tangu Kongo iingie OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, mwaka 2012 ina sheria yake: kila mwanachama kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Nendeni Minova, kando ya Ziwa Kivu, mkawaulize watu wa SOPACDI, koperative ya wakulima wa kahawa. Ilianza 2003, wakati kahawa ya pwani ile ilikuwa ikivushwa ziwa kwa mitumbwi kwenda kuuzwa Rwanda, na wanaume wengi wakafa maji. Wamepata cheti cha Fairtrade, yaani cha biashara ya haki, na ile pesa ya ziada inayokuja na cheti, wanachama wenyewe ndio wanaoketi kuamua ifanye nini. Hapo mwenye kukataa ni mkulima mwenyewe, mkutanoni, mbele ya watu.

Ningekuwa mmoja wenu kumi, nisingekimbilia mwanasheria. Ningeanza MUSO, kikundi cha kuweka akiba na kusaidiana, pamoja na hao akina mama, siyo kwa ajili yao. Wengi wao wanaijua tayari. Kisanduku cha kijani ni cha akiba na mikopo, chekundu ni cha kusaidiana kwenye msiba na ugonjwa, cha buluu ni cha pesa itakayotoka nje. Kaeni na kijani na chekundu mwaka mzima, muone nani analipa, nani anasema kwenye mkutano, kitu gani wanakikopea. Kama wote wanakopea samaki wa kuchuuza kutoka soko la Kituku, basi mradi wenu wa cherehani haupo, hata kama mfadhili anaupenda.

Mkifika kwenye kisanduku cha buluu, bandikeni mlangoni kiasi kilichoingia, kwa Kiswahili, pamoja na mnachojilipa ninyi. Sisi tumebandika. Wiki ya kwanza tulitukanwa kuhusu nauli ya pikipiki ya katibu, na nauli ikapunguzwa. Mkitaka nakala ya karatasi yenyewe muone ilivyopangwa, semeni niipige picha.