Lugha ya wawinda bata wa Marekani: jina la mtaani na ndege aliye mbele yako

Mleta uzi, umesema wenzako kazini wamekualika kuwinda bata msimu huu, na wakianza na "sprig", "spoonie", "cupped", "stale birds" unabaki unawatazama tu. Wadau waliotangulia wamekupa orodha za maneno, nazo zitakufaa. Mimi naongeza jambo ambalo orodha haisemi: majina haya yana maeneo yake. Nimewinda Minnesota kwenye maziwa, kisha kazi ikanileta Arkansas. Njia ya ndege wanaohama ni ile ile na ndege ni wale wale, lakini jina nililozoea kaskazini huku kusini lina ndege mwingine kabisa. Na hilo lina uzito, kwa sababu kikomo cha siku, yaani idadi ya ndege unaoruhusiwa kupiga, huwekwa kwa aina ya bata, na kwa mallard, bata ambaye dume lake lina kichwa cha kijani, hata kwa dume na jike. Mwenzako akinong'ona jina alfajiri, una sekunde mbili tatu za kuamua kama unainua bunduki.

Chukua "whistler". Minnesota ni goldeneye, ambaye dume lake lina kichwa cheusi chenye mng'ao wa kijani na doa jeupe la mviringo karibu na mdomo. Mbawa zake hupiga mluzi akiruka, kwa hiyo unamsikia kabla hujamwona. Huyu huchelewa kuondoka, mpaka maziwa yanapokaribia kuganda. Shuka Texas au Louisiana useme "whistler", watakuelewa vingine: wale bata wa miguu mirefu waitwao black-bellied whistling-duck, ambao mluzi wao hutoka kooni. Hao hao, watu wengine huwaita "squealers". Lakini kwa watu wengi "squealer" ni wood duck, kwa kilio anachotoa jike akishtuka na kuruka.

"Coot" nalo ni hivyo hivyo. Karibu nchi nzima ni yule ndege mweusi wa mdomo mweupe, ambaye kisayansi hata si bata. Wengine humwita "mud hen", na Louisiana, kwa Kifaransa chao, ni "poule d'eau". Ana kikomo chake peke yake, kikubwa kuliko cha bata. Sasa nenda pwani ya New England. Wazee wa huko wakisema "coot" wanamaanisha scoter, na huyo ni bata wa baharini anayehesabiwa kwenye kikomo cha bata.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni "bluebill" na "ringbill", maana hapo utaona jinsi jambo dogo linavyobeba kila kitu. Bluebill ni scaup, mkubwa na mdogo kwa pamoja, na Louisiana wanamwita "dos gris". Ringbill ni ring-necked duck, na kuna sehemu za kusini wanamwita "blackjack". Wote ni bata wa kupiga mbizi, madume yao ni weusi mbele na nyuma, hupita kwa kasi wakiwa wamebanana. Scaup wamepungua sana tangu miaka ya 1980, ndiyo maana kikomo chao hubanwa. Ringbill haibanwi hivyo. Utawatofautishaje? Tazama bawa linapofunguka: scaup ana mstari mweupe nyuma ya bawa, ringbill mstari wake ni wa kijivu. Ukimshika mkononi, ringbill ana pete nyeupe karibu na ncha ya mdomo. Pete ya shingoni iliyompa jina la kitabuni ni hafifu mno, ya rangi ya kahawia, na lazima uyapekue manyoya ndipo uione. Hapa naona wawindaji walimpa jina zuri kuliko wataalamu.

Kuna majina mengine yanayokufundisha kumtambua ndege. "Sprig" ni pintail, na dume lililokomaa lenye mkia mrefu uliochongoka ni "bull sprig". "Butterball" ni bufflehead, bata mdogo mnene. "Gray duck" ni gadwall. Kwa mbali haonyeshi rangi yoyote ya kuvutia, ila akifungua bawa kuna kidirisha cheupe karibu na mwili. "Cottontop" au "baldpate" ni wigeon, kwa paji la dume lililo jeupe. "Can" ni canvasback: kichwa kimeteremka moja kwa moja mpaka ncha ya mdomo, mgongo mweupe, na huruka haraka kuliko unavyodhani. Enzi za kuwinda kwa biashara aliheshimiwa kuliko bata wote, hasa wale wa ghuba ya Chesapeake waliokula mizizi ya mmea wa majini ambao Wamarekani huuita "wild celery". Hata jina lake la kisayansi, Aythya valisineria, limetokana na mmea huo.

"Spoonie" ni shoveler, mwenye mdomo mpana kama mwiko. Utasikia pia "smiling mallard" na "Hollywood mallard", majina ya kumdharau, kwa sababu dume lake lina kichwa cha kijani na mtu mgeni humdhania mallard. Dharau hiyo siikubali. Ni bata mzuri, mdomo wake una vichana vya kuchujia wadudu wadogo majini, na ukishampiga ana haki ya kuokotwa na kuliwa kama mwingine yeyote. Mtofautishe kwa kifua cheupe na ubavu wa rangi ya kutu. Mallard dume ana kifua cha kahawia iliyoiva na pete nyembamba nyeupe shingoni.

Mallard ndiye anayezungumzwa zaidi. Dume ni "greenhead", jike ni "hen" au "susie". Huku Arkansas kikomo cha jumla ni bata sita kwa siku, ndani yake mallard wanne, na kati ya hao majike hayazidi mawili. Kanuni hupitiwa kila mwaka, hivyo soma kijitabu cha jimbo lako kabla ya msimu, usitegemee kumbukumbu ya mtu. Januari utasikia pia "redlegs". Watu watakuambia kwa uhakika kabisa kwamba hao wenye miguu myekundu ndio wametoka mbali Canada, tofauti na wale wa Novemba. Ukweli ni kwamba rangi ya miguu hukolea bata waliokomaa wanapokaribia majira ya kuzaliana. Haikuambii ametoka wapi.

Maneno ya safari ndiyo yanayohitaji maelezo zaidi. Wamarekani huigawa mienendo ya bata katika njia nne: Atlantiki, Mississippi, ya Kati na Pasifiki. Mtafiti wa ndege Frederick Lincoln ndiye aliyezieleza njia hizo miaka ya 1930, kwa kufuatilia ndege waliovishwa pete miguuni. Bata wengi huanguliwa kwenye nyanda zenye madimbwi, kuanzia Dakota mbili mpaka Manitoba, Saskatchewan na Alberta, na wawindaji huliita eneo hilo "duck factory". Madimbwi hayo yakikauka, msimu wa huku chini unajulikana mapema kuwa utakuwa mbaya.

"Calendar birds" ni wale wanaohama kwa tarehe, wakifuata urefu wa mchana. Blue-winged teal, bata mdogo wa mabawa ya buluu, ndiye mfano bora. Anaanza kushuka Agosti na Septemba, joto lingali kali, na wengi hawasimami mpaka Mexico, Amerika ya Kati au kaskazini mwa Amerika Kusini. Ndiyo sababu majimbo mengi yana msimu maalumu wa teal Septemba. Mallard ni kinyume chake. Huyu anasubiri hali ya hewa: maji yakiwa wazi na mahindi yakipatikana shambani, haondoki. Theluji ikifunika chakula na maji yakaganda, ndipo anashuka. Kundi kubwa linaloshuka pamoja na wimbi la baridi ni "push". Bata waliofika usiku uliopita ni "fresh birds", bado hawajajua maficho yako yalipo. Waliokaa wiki kadhaa wakipigwa ni "stale birds": wanazunguka juu, wanatazama bata wa bandia uliowaelesha majini kuwavutia, wanakwenda zao. Ukisikia wenzako wakilalamika kwamba bata wame-"shortstop", wanasema wameishia kaskazini na hawakufika kwetu.

Neno kubwa kuliko yote ni "grand passage", pale bata wa eneo zima wanapohama kwa siku mbili tatu tu. Frank Bellrose, mtafiti wa bata wa Illinois, aliandika kuhusu safari ya namna hiyo ya mwanzoni mwa Novemba 1955. Lakini nakuomba ukumbuke pia tarehe 11 Novemba 1940. Asubuhi ilikuwa ya joto, watu wakaenda mtoni Mississippi na nguo nyepesi, bata wakaja kwa wingi usio wa kawaida. Bata wale walikuwa wanakimbia dhoruba. Upepo ukageuka, joto likaporomoka, theluji ikaanguka, na wengi wakakwama visiwani mashua zikishindwa kurudi. Dhoruba ile iliua zaidi ya watu 140 katika majimbo ya kati, wakiwamo wawinda bata wengi. Wenzako wakisema kwa furaha kwamba kesho kuna "big push", beba nguo kavu kwenye mfuko usioingiza maji na vaa jaketi la kuelea, hata kama asubuhi imependeza.

Sasa maneno ya pale pale majini. Huku Arkansas tunasimama kwenye msitu uliofurika, maji ya mapajani, mgongo umeegemea mti, uso umefichwa. Kundi likipita juu ya miti, mpigaji filimbi, ile inayoiga sauti ya bata, hulipigia. Wakigeuka, atasema wana-"work", yaani wamevutika na wanakagua. Watazunguka mara moja, labda mara kadhaa. Usiinue uso kuwatazama. Wewe tazama maji. Sisi tunarusha mguu taratibu ili mawimbi madogo yatembee kati ya bata wa bandia, kwa sababu maji yaliyotulia kabisa huwatia shaka. Wakishusha mbawa na kuzipinda bila kuzipiga, hao wame-"cup". Wakibaki hivyo wakishuka, wame-"lock up". Utawaona wakipenya matawi, miguu ya rangi ya chungwa imetangulia, mkia umepanuka, na mbawa zinavuma zikikamata hewa. Mmoja akiona kitu, wote wanapanda ghafla: wame-"flare". Anayetoa amri ya kupiga ni mtu mmoja tu, na kabla ya amri hiyo usisogee.

"On the X" maana yake mmeketi pale pale bata wanapotaka kutua. "Running traffic" ni kukaa chini ya njia yao na kujaribu kuwashawishi. "Bluebird day" ni siku ya anga safi isiyo na upepo, ambayo bata hawasogei sana. "Skybusting" ni kupiga bata walio juu mno. Hiyo ni tabia mbaya kweli, huacha ndege waliojeruhiwa wasiopatikana na huwaharibia wawindaji walio jirani.

Kwa bata bukini nitapita haraka. "Honker" ni Canada goose mkubwa. "Speck" ni white-fronted goose, kwa michirizi myeusi ya tumboni, na nyama yake husifiwa sana. "Snows" ni weupe, na kundi lao likishuka kwa kuzunguka huitwa "tornado". Hawa waliongezeka mpaka wakaharibu malisho yao ya kaskazini karibu na Hudson Bay, ndiyo maana tangu 1999 kuna kipindi maalumu cha kuwapunguza, chenye kanuni zilizolegezwa. Nje ya kipindi hicho, bunduki yako isibebe zaidi ya risasi tatu, na marisau ya zamani ya madini ya risasi (lead) yamepigwa marufuku kwa ndege wa majini nchi nzima tangu 1991. Nunua ya chuma.

Wakisema "stamp", ni stempu ya serikali kuu inayohitajika kwa kila mwindaji wa miaka 16 na zaidi, mbali na leseni ya jimbo. Ilianza 1934 kwa dola moja, sasa ni dola 25, na karibu fedha yote hununua na kulinda ardhi oevu. Mimi huinunua hata mwaka ambao sina nafasi ya kuwinda. "Jewelry" ni pete ya alumini mguuni mwa ndege. Ukiipata, ripoti namba yake kwenye reportband.gov, watakuambia ndege alivishwa wapi na lini, na pete unabaki nayo.

Uliuliza mwishoni kama ununue filimbi ya bata. Ile ya mallard huiga sauti ya jike, kwa kuwa ndiye mwenye "kwak" kubwa inayosikika mbali. Dume hukoroma kwa chini. Inahitaji mazoezi marefu, na ikipigwa vibaya huwafukuza. Hapa Stuttgart, Arkansas, kuna mashindano ya dunia ya kuipuliza tangu 1936, kwa hiyo wenzako huenda wana viwango vyao. Anza na kipenga kidogo cha mluzi, cha bei ndogo. Madume ya pintail, wigeon na teal wa mabawa ya kijani hupiga mluzi, kwa hiyo utawaita hao kwa pumzi fupi fupi bila kumwingilia anayepiga ya mallard. Mwambie tu kabla hamjaanza, akuonyeshe ni wakati gani anataka ukae kimya.