Namna ninavyokusanya na kutunza filamu fupi za hofu ya ulimwengu

Katika kabati langu hapa Nkuhungu, Dodoma, kwenye rafu ambayo mke wangu aliitenga kwa ajili ya vyombo vya wageni, kuna sanduku la plastiki lenye filamu fupi 214. Nyingi hazizidi dakika 15, karibu zote zimetengenezwa na watu wasio na kampuni wala mdhamini, na zote zinahusu hofu ya aina moja, ile inayompata mtu anapogundua kwamba ulimwengu ni mkubwa mno na wala haumjali.

Katika filamu za kutisha tulizozizoea, mzimu huwa na sababu. Alidhulumiwa, hakuzikwa inavyopaswa, au ametumwa na jirani mwenye wivu. Na kwa kuwa ana sababu, ana dawa pia, iwe tambiko, maombi au mganga wa kijiji cha pili. Katika filamu ninazozizungumzia hakuna aliyekosewa, wala hakuna wa kuombwa radhi. Utanzu huu ulipata umbo lake hasa katika maandishi ya H. P. Lovecraft wa Providence, Marekani, aliyefariki mwaka 1937, na watengeneza filamu wasio na fedha wameupenda kwa sababu unaruhusu kitu chenyewe kisionekane, hivyo chumba kimoja, taa moja na sauti iliyopangwa vizuri vinaweza kutosha. Mimi niliupenda labda kwa sababu nilikulia upande wa Bahi, ambako ukitoka nje usiku wa kiangazi, anga huwa kubwa kuliko nchi.

Ushauri wangu wa kwanza, ambao ulinichukua muda mrefu kuuelewa, ni kwamba usiridhike na nakala ya kwanza utakayoipata. Mwaka 2019 rafiki yangu alinirushia kwa WhatsApp filamu ya dakika 11 inayomhusu mlinzi wa usiku katika ghala la nafaka. Kwa dakika mbili nzima kamera inautazama mlango ulio wazi na giza lililo nyuma yake, nami niliona giza tu, tena lililokatika vipande vya mraba kama sakafu ya vigae vibovu. Nikaiona filamu ya kawaida, nikaiacha. Miezi kadhaa baadaye nilimpata mwongozaji wake, akanitumia faili alilolitoa moja kwa moja kwenye kompyuta ya kuhariria, na nilipoitazama sehemu ileile nikiwa nimezima taa, niliona kwamba giza lile lilikuwa linapumua. Palikuwa na kitu kirefu kuliko mlango, kimeinama, kinasogea polepole kiasi kwamba jicho lilikuwa limekwisha kukikubali kuwa ni sehemu ya ukuta.

Programu za kutumiana ujumbe hubana video kwa kutupa tofauti ndogo ambazo mtazamaji hatarajiwi kuziona, na tofauti kati ya weusi na weusi ni miongoni mwa zile zinazotupwa mapema. Katika vichekesho hasara hiyo si kitu, lakini katika utanzu huu kinachotupwa ndiyo filamu yenyewe. Sauti nayo huumia vivyo hivyo, hasa ile mingurumo ya chini ambayo mtu huihisi kifuani kabla ya kuisikia. Ikiwa hakuna njia nyingine isipokuwa WhatsApp, mwombe mwenzako aitume filamu kama dokumenti badala ya video, kwa maana tangu mwaka 2022 njia hiyo inapokea faili la hadi GB 2 bila kulibana.

Mwandikie mtengenezaji mapema. Filamu hizi huishi kwenye viungo, na viungo hufa mtu anapomaliza chuo, anapoacha kulipia tovuti, au teknolojia inapoondolewa, kama ilivyotokea kwa kazi zilizotegemea Flash Player, programu ya kuchezea video na katuni kwenye tovuti, ambayo kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia mwisho wa mwaka 2020. Nyingine zilionyeshwa mara moja tu katika matamasha, likiwemo lile linalobeba jina la Lovecraft lililoanza Portland, Oregon, mwaka 1995, kisha zikabaki kwenye diski chache za waliohudhuria. Barua yangu huwa fupi. Naeleza mimi ni nani, nataja tukio moja katika filamu ili ajue kwamba nimeitazama kweli, kisha naomba faili halisi, ruhusa ya kulitunza, na ruhusa ya kuwaonyesha watu wachache bila malipo. Wengi hujibu kwa furaha, kwa kuwa hawajawahi kuulizwa.

Ruhusa hiyo si adabu tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi tangu inapoundwa, hata kama haijasajiliwa. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa hadithi za Lovecraft ziko huru, maana hata katika nchi zinazolinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi ulinzi huo ulikwisha mwishoni mwa 2007, basi na filamu iliyotokana nazo ni ya kila mtu. Hadithi iko huru, ila filamu ina mwenyewe.

Sasa niseme kosa langu. Mwaka 2021 nilikuwa na diski mbili za nje, ya pili ikiwa nakala ya ya kwanza, nami nikajihesabu kuwa mtu makini. Zote mbili zilikuwa zimechomekwa kupitia ekstensheni moja. Jioni moja ya mwezi Machi umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na uliporudi mara ya tatu ulikuja na nguvu zisizo zake. Fundi niliyempelekea aliiweka diski moja sikioni, akatikisa kichwa. "Kaka, hii ni ya kuzika. Hiyo nyingine tujaribu, ila usiwe na haraka." Nilipoteza filamu 38, na 9 kati yake sijazipata tena popote mpaka leo.

Tangu siku hiyo ninafuata kanuni ambayo watunza kumbukumbu wamekuwa wakiirudia kwa miaka mingi, yaani nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali. Ya mbali iko Kondoa kwa dada yangu, ndani ya kopo la biskuti, naye ameshazoea kuulizwa habari za kopo kabla ya habari za watoto. Diski zangu hazichomekwi isipokuwa wakati wa kunakili. Ukavu wa Dodoma unatusaidia, kwa kuwa kanda na diski hazioti ukungu kirahisi kama zinavyoota Pwani, lakini vumbi la kiangazi hupenya kila mahali, hivyo sanduku liwe na mfuniko unaobana. Flashi inafaa kusafirishia tu. Ikikataa faili linalozidi GB 4, usilibane faili; iumbize upya (format) flashi kwa mfumo wa exFAT, unaopokea mafaili makubwa, baada ya kuondoa vilivyomo. Na kwenye DVD za kurekodi usibandike lebo za gundi, kwani zinapoanza kuinuka diski huyumba, isisomeke.

Kuhusu maelezo, nitakupeleka Kolo, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu warefu wembamba wamechorwa kwa rangi nyekundu, bado wanaonekana, na hakuna wa kumwuliza wanafanya nini. Kwa sababu hiyo, kando ya kila filamu naweka faili la maandishi matupu lenye jina la mwongozaji, mwaka, mahali ilipopigwa, kamera iliyotumika, nani amenipa na lini, pamoja na majibu ya maswali yangu. Tafsiri ya Kiswahili naiweka katika faili la SRT, yaani faili la manukuu, peke yake, nisiichomelee juu ya picha. Nakumbuka vibanda umiza vya utotoni, ambako mtafsiri aliyajaza maneno yake kila penye ukimya. Tulicheka sana, lakini filamu hizi bila ukimya hazibaki na kitu.

Kila Januari nakokotoa upya cheksamu za SHA-256, yaani namba ndefu zinazotokana na yaliyomo ndani ya kila faili, za mafaili yote na kuzilinganisha na zile nilizoziandika mwanzoni. Biti moja ikibadilika, namba nzima hubadilika. Mwaka huu faili moja lilikataa kulingana, nami nikalirejesha kutoka kwenye kopo la Kondoa.

Mwezi uliofuata yule mwongozaji wa filamu ya ghala aliniandikia kwamba ameibiwa kompyuta na hana nakala yoyote. Ilinichukua usiku mbili za bando kumtumia faili lake. Katika kunishukuru, hatimaye alijibu swali nililomwuliza mwaka 2019, kwamba ile sauti ya nyuma ya mlango ilikuwa ya friji ya shangazi yake, iliyopunguzwa kasi mara nane. Nimeiandika kwenye faili la maelezo.