Masarafu, ndugu yangu?

Msomaji wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, anauliza: "Mimi nakusanyaka masarafu ya rangi yenye ilitoka juu ya michezo. Niseme masarafu ya kumbukumbu ao ya ukumbusho?"

Sema ukumbusho. Neno limetokana na kukumbusha, na ndiyo kazi ya sarafu hizo. Kumbukumbu ni kile kinachobaki kichwani au kwenye faili, lakini ukilitumia sitakushitaki. "Za rangi" nalo ni sawa, kama picha za rangi. Anayetaka kubisha kwamba hata shaba ina rangi yake, abishe peke yake.

Ila masarafu! Mara mbili katika swali la mistari miwili! Najua lilikotoka. Hapa kwetu, kwenye soko la mtaa wa Kenya, tunalipa kwa noti, sarafu hatuzigusi, basi neno lilipotufikia tukalivisha ma- kama tulivyovisha manyumba, mameza na mafalanga. Sarafu moja, sarafu tano. Australia mwaka 2016 ilitoa za dola 2 kwa ajili ya Olimpiki ya Rio, tano, kila moja na duara la rangi yake: buluu, nyeusi, njano, kijani, nyekundu. Zipange mezani uhesabu: sarafu, sarafu, sarafu, sarafu, sarafu. Ma- iko wapi? Chukua za Urusi za rubli 25, zile za rangi za Sochi 2014, uzimwage juu yake, ujaze meza nzima: bado ni sarafu. Ma- kwenye neno kama hili hukuza. Pesa zikizidi kipimo huwa mapesa. Kwa hiyo masarafu ni madude kama lile la Kanada la 2007, kilo 100 za dhahabu, lililoibwa katika jumba la makumbusho Berlin mwaka 2017. Wezi wale hawakulitia mfukoni.

Asili ni Kiarabu, mzizi wa kugeuza na kubadilisha fedha. Sarufi imetoka tumbo hilohilo, na labda ndiyo maana naumia hivi.

Mimi ninayo moja ya Katanga ilipojitenga na Kongo, faranga 5 ya 1961: ndizi upande huu, msalaba wa shaba upande wa pili, kahawia tupu, ukingo umelika. Juzi mjukuu wangu aliigeuzageuza, akauliza:

"Kambo, masarafu ingine iko wapi?"

"Iko mu kabati," nikamjibu.